Seremala, msumeno na fomu ya DOSH: uchambuzi wa dai moja la WIBA

Kisa hiki tumekiunda kutokana na mambo yanayojirudia katika madai ya majeraha ya kazini nchini Kenya. Hakimhusu mtu wala karakana fulani, na mishahara iliyotajwa ni ya mfano. Sheria, muda na namna ya kupiga hesabu ni vile vile atakavyokutana navyo yeyote anayedai fidia chini ya Sheria ya Faida za Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo wafanyakazi wengi huiita WIBA.

Tukio

Mhusika ni seremala wa miaka 31 katika karakana ya milango na madirisha mjini Nakuru. Amefanya kazi pale kwa miaka miwili bila mkataba wa maandishi, na hulipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa. Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, alikuwa akipasua mbao nene za saipresi kwenye msumeno wa meza. Kinga ya msumeno ilikuwa imeondolewa tangu wiki iliyotangulia kwa kuwa mbao hizo hazikupita chini yake, na nyapara alijua. Meno ya msumeno yaligonga fundo, ubao ukaruka, mkono wa kulia ukavutwa. Alipoteza pingili mbili za kidole cha shahada, na mshipa unaokunja kidole cha kati ukakatwa. Mkono huo ndio anaofanyia kazi.

Nyapara alimpeleka hospitalini kwa pikapu ya karakana, naye ndiye aliyetoa maelezo mapokezini: "Amejikata nyumbani." Matibabu yakaandikishwa chini ya SHA, bima ya afya ya umma. Seremala alilazwa siku tatu na hakurudi kazini hadi tarehe 27 Mei. Mwajiri alimlipa siku saba kwa ukamilifu na siku saba nusu malipo, akaziita likizo ya ugonjwa. Mwisho wa Machi alimwita ofisini, akamwambia ajali ilitokana na uzembe wake, kisha akamwekea mezani shilingi 60,000 pamoja na karatasi ya kutia sahihi kwamba hana dai jingine lolote.

Hakutia sahihi. Katika yote aliyofanya mwezi ule, hilo ndilo lililomfaa zaidi.

Je, kibarua analindwa?

Analindwa. Sheria inamtambua mfanyakazi kuwa ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara chini ya mkataba, na mkataba unaweza kuwa wa mdomo. Mwanagenzi anayejifunza kazi naye yumo. Kulipwa kwa wiki au kukosa barua ya ajira hakumwondoi mtu. Kinachohitajika ni ushahidi kwamba alifanya kazi pale na alilipwa kwa kazi hiyo. Mwajiri analazimika kuwa na bima ya majeraha ya kazini, lakini kama hana, deni haliondoki. Hubaki mfukoni mwake mwenyewe, juu ya kosa la jinai la kutokuwa na bima.

"Lakini ni uzembe wake"

Hapa ndipo wafanyakazi wengi hukata tamaa, na hukata tamaa bila sababu. Fidia ya WIBA haitegemei kosa. Seremala hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, na mwajiri haponi kwa kuthibitisha kwamba seremala alizembea. Swali ni moja tu: je, jeraha lilitokana na kazi, na lilitokea akiwa kazini? Mbao zilikuwa za mteja wa karakana, saa zilikuwa za kazi, mashine ilikuwa ya mwajiri. Jibu ni ndiyo.

Kuna mlango mmoja ambao mwajiri anaweza kujaribu kuutumia. Mfanyakazi hana haki ya fidia pale ajali inapokuwa imesababishwa na utovu wake wa nidhamu wa makusudi, yaani alijua anachofanya ni kosa na akakusudia kukifanya. Hata hapo, mlango hufungwa ikiwa ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo. Kwa kuwa kupoteza pingili mbili huenda kusihesabiwe kuwa ulemavu mkubwa, hoja hii isipuuzwe katika dai la seremala wetu. Inabidi ijibiwe kwa ushahidi.

Jibu lake lipo kwenye kinga ya msumeno. Mwajiri anasema seremala aliiondoa. Mafundi wenzake wawili wako tayari kuandika kwamba iliondolewa wiki moja kabla, kwamba mafundi wote waliutumia msumeno huo bila kinga, na kwamba nyapara aliwahimiza wamalize oda ya mteja. Mmoja ana picha aliyopiga kwa simu siku nne kabla ya ajali. Kinga inaonekana imeegemezwa ukutani. Mtu anayefanya kazi kwa namna ambayo nyapara wake anaiona na kuiruhusu hawezi kusemwa amekosa nidhamu kwa makusudi. Kutokuwa mwangalifu ni jambo moja, na utovu wa makusudi ni jambo jingine. Barua za kukataa madai huchanganya mambo haya mawili mara kwa mara. Zaidi ya hayo, wajibu wa kuhakikisha sehemu hatari za mashine zimekingwa ni wa mwenye karakana chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007.

Upande wa pili wa mpango huu ni kwamba mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri mahakamani adai fidia ya uzembe. Kifungu cha 16 kinazuia. Kifungu hicho kilipingwa kwa miaka mingi: Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2009 pamoja na vingine, Mahakama ya Rufaa ikavirejesha vingi mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi tarehe 3 Desemba 2019. Tangu hapo, dai jipya huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, mkuu wa kurugenzi ya serikali iitwayo DOSH. Tunalitaja kwa sababu bado wapo wanaomshauri majeruhi afungue kesi kwa hakimu. Kesi hutupwa kwa kukosa mamlaka, na wakati inasubiri kutajwa, miezi 12 ya kuwasilisha dai inaendelea kuisha. Kwa seremala wetu, miezi hiyo inaisha mwanzoni mwa Machi 2026.

Karatasi za wiki ya kwanza

Sheria inamtaka mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, amjulishe mwajiri kuhusu ajali, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye anapaswa kuripoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba tangu ajue. Ajali iliyoua hupelekewa taarifa ndani ya saa 24. Katika kisa chetu mwisho ulikuwa tarehe 11 Machi, na mwajiri hakuripoti chochote.

Je, seremala amepoteza haki kwa kuwa hakuandika taarifa? La. Kutotoa taarifa hakuzuii dai ikiwa mwajiri alijua kuhusu ajali kwa njia nyingine wakati huo, na nyapara aliyemwendesha hadi hospitalini hawezi kusema hakujua. Hata hivyo taarifa ya maandishi inafaa iandikwe, hata kwa kuchelewa: tarehe, saa, mahali, mashine, alichokuwa akifanya, sehemu ya mwili iliyoumia, majina ya walioona. Nakala moja isainiwe na aliyeipokea. Akikataa kusaini, ujumbe ule ule utumwe kwa simu yake, maana simu huweka tarehe na saa.

Tatizo zito zaidi ni neno "nyumbani" kwenye kumbukumbu za hospitali. Kampuni ya bima ikiliona, ndilo litakalokuwa hoja yake ya kwanza. Kosa ambalo majeruhi hufanya ni kurudi hospitalini na kuomba rekodi ibadilishwe. Rekodi iliyofutwa na kuandikwa upya humwangusha mwenye dai kuliko rekodi yenye kosa. Njia salama ni kumwendea daktari aliyemtibu, kumweleza ajali ilivyotokea, na kumwomba aongeze maelezo mapya yenye tarehe ya siku hiyo, huku ya zamani yakibaki yalivyo. Kisha kusanya ushahidi wa nje ya hospitali. Kitabu cha getini kinaonyesha pikapu ilitoka saa nne na robo. Orodha ya mahudhurio inaonyesha alisaini kuingia asubuhi. Taarifa za wenzake zinaeleza damu ilimwagika wapi. Jeraha la saa nne asubuhi ya Jumanne, mtu akiwa amesaini kazini tangu saa mbili, haliwezi kuwa la nyumbani.

Kuhusu SHA: gharama za matibabu ya jeraha la kazini ni za mwajiri. Sheria inataja matibabu na upasuaji, kulazwa, uuguzi, dawa, usafiri wa kwenda kutibiwa, na viungo bandia inapohitajika. Kila risiti ihifadhiwe, hata ya bandeji na nauli ya kwenda kliniki, iandikwe tarehe na iliyohusu.

Tarehe 17 Aprili seremala alikwenda mwenyewe katika ofisi ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini mjini Nakuru. Alibeba kitambulisho, karatasi za hospitali, taarifa ya M-Pesa na taarifa za wenzake. Afisa alimwandikia mwajiri akimtaka ajaze fomu ya kuripoti ajali, DOSH/WIBA 1. Mwajiri hujaza sehemu yake, na daktari hujaza sehemu ya matibabu. Ofisi ikishaandika, waajiri wengi hubadilika. Huyu naye alijaza ndani ya wiki mbili.

Shilingi 18,000 au 24,000?

Kwenye fomu, mwajiri aliandika mshahara wa shilingi 18,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ni cha siku za kawaida tu. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 ilionyesha kwamba kila wiki seremala alipokea pia pesa za saa za ziada, zikitumwa kutoka kwenye laini ya nyapara, na jumla yake ilikuwa karibu shilingi 6,000 kila mwezi bila kukosa mwezi hata mmoja.

Sheria haiangalii mshahara wa msingi pekee. Saa za ziada zinazofanywa kwa kawaida huhesabiwa katika mapato, sawa na thamani ya chakula au makazi anayopewa mfanyakazi na mwajiri. Saa za ziada za mara moja moja hazihesabiwi, wala bahasha ya zawadi ya Krismasi, wala nauli anayorudishiwa mtu. Kwa hiyo mapato yake ni shilingi 24,000. Tofauti hii ya 6,000 inaonekana ndogo hadi ufike kwenye hesabu ya ulemavu wa kudumu, ambako kila shilingi huzidishwa mara 96.

Ndiyo maana tunasisitiza taarifa ya M-Pesa ichukuliwe mapema na ipigwe mstari kila malipo ya kazi yalipo. Malipo yakitoka kwenye namba binafsi ya nyapara, ujumbe wa simu au taarifa ya mfanyakazi mwenzake anayelipwa kutoka namba hiyo hiyo huziba pengo.

Wiki 12 bila kazi

Mfanyakazi ambaye hawezi kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi anastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yake, hadi miezi 12. Likizo ya ugonjwa ni jambo tofauti: inatoka kwenye Sheria ya Ajira, na kiwango chake cha chini ni siku saba kwa malipo kamili na siku saba kwa nusu. Waajiri wengi hutoa hizo siku 14 wakadhani wamemaliza.

Kuanzia tarehe 4 Machi hadi 26 Mei ni siku 84. Mapato ya 24,000 yakigawanywa kwa siku 30 ni 800 kwa siku, na kwa siku 84 ni 67,200. Mwajiri alilipa siku saba kwa 600 na siku saba kwa 300, jumla 6,300. Akihesabiwa kiasi hicho, bado anadaiwa 60,900 kabla hata hatujagusa kidole. Bahasha ya 60,000 iliyowekwa mezani haikutosha kulipa wiki alizokaa nyumbani.

Asilimia ya ulemavu

Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigwa hivi: mapato ya mwezi mara 96, mara asilimia ya ulemavu, ndani ya viwango vya chini na vya juu ambavyo Waziri anaweza kuweka. Miezi 96 ni miaka minane. Asilimia za majeraha ya kawaida zimepangwa katika Jedwali la Kwanza la sheria, kidole kwa kidole na pingili kwa pingili.

Kuna mambo mawili yanayoharibu asilimia. La kwanza ni tathmini ya mapema. Daktari akijaza fomu wiki ya tatu, bandeji ikiwa bado ipo, ataandika pingili zilizokatwa na basi. Ugumu wa kidole cha kati haujulikani hadi mshipa upone na mazoezi ya mkono yaishe. Seremala alipimwa mwezi Juni, na ndipo ilipoonekana kwamba kidole cha kati hakikunjiki hata nusu na hawezi kushika nyundo kwa nguvu. Jambo la pili ni ripoti fupi mno. "Amekatika kidole" haisaidii. Ripoti nzuri hutaja mkono upi na kama ndio wa kufanyia kazi, pingili ngapi zimepotea, kila kiungo kinakunjika kwa digrii ngapi, nguvu ya kushika ikilinganishwa na mkono mwingine, na huambatishwa picha ya eksirei.

Daktari alikadiria asilimia 15 kwa vidole vyote viwili. Kampuni ya bima ya mwajiri ilimtuma seremala kwa daktari wake, ambaye alihesabu kidole cha shahada pekee na kuandika asilimia 8. Mfanyakazi anapoagizwa kupimwa inafaa aende, maana kukataa humpa mpinzani sababu ya kuchelewesha. Anaweza pia kuwa na daktari wake mwenyewe kwa gharama yake.

Ipo nafasi moja ambayo haitumiwi vya kutosha. Jeraha likiwa na athari nzito kuliko kawaida kwa sababu ya aina ya kazi ya mwenyewe, Mkurugenzi anaweza kuongeza asilimia. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia cha seremala hakilingani na kile cha mlinzi wa lango. Ombi hilo liandikwe wazi, likitaja kazi asizoweza tena: kuongoza ubao kwenye msumeno, kushika patasi, kufunga skrubu ndogo.

Mkurugenzi alikubali asilimia 15 na mapato ya 24,000. Mara 96 ni 2,304,000. Asilimia 15 yake ni shilingi 345,600. Kwa mshahara ulioandikwa na mwajiri na asilimia ya bima ingekuwa 138,240. Mkono ni ule ule, na tofauti ya zaidi ya laki mbili imetoka kwenye taarifa ya M-Pesa na ripoti iliyotaja digrii za kukunja kidole.

Baada ya DOSH/WIBA 4

Tathmini hiyo hupelekwa kwa mwajiri au bima kwa fomu ya DOSH/WIBA 4. Katika kisa chetu ilifika tarehe 11 Agosti 2025. Anayedaiwa ana siku 90 za kulipa, yaani hadi tarehe 9 Novemba. Pesa zikimfikia Mkurugenzi, naye ana siku 30 za kumkabidhi mfanyakazi.

Asiyeridhika na uamuzi, awe mfanyakazi au mwajiri, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi hujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na kutoka hapo kuna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba. Kampuni ya bima ilinyamaza. Katikati ya Novemba ikaandika kwamba inakubali asilimia 8 tu. Barua hiyo haikuwa na uzito wa pingamizi, kwa sababu siku 60 zilikwisha tarehe 10 Oktoba. Kosa linalofanywa hapa ni mfanyakazi kuanza kujadiliana upya kana kwamba tathmini haipo, akaishia kukubali kiasi cha kati. Jibu sahihi ni barua fupi inayotaja tarehe ya kupokelewa kwa fomu, tarehe ambayo muda wa pingamizi ulikwisha, na kiasi kinachodaiwa, nakala kwa Mkurugenzi.

Deni likikataa kulipwa hata hivyo, hatua ni kwenda katika mahakama hiyo hiyo kuomba uamuzi wa Mkurugenzi utekelezwe kama hukumu. Hapo hakuna haja ya kuthibitisha ajali upya. Viambatisho vinavyohitajika ni fomu ya DOSH/WIBA 1, fomu ya DOSH/WIBA 4, uthibitisho wa tarehe ilipopokelewa, na barua ya kudai. Aliyepoteza uthibitisho wa kupokelewa aombe ofisi ya kaunti impe nakala ya barua iliyosindikiza fomu.

Malipo yakija, karatasi ya kukiri kupokea isomwe mstari kwa mstari kabla ya sahihi. Ya seremala wetu ilipaswa kuonyesha viwango vitatu vilivyotengwa: 345,600 za ulemavu wa kudumu, 60,900 za wiki alizokosa kazi, na gharama za matibabu kwa mujibu wa risiti. Rasimu ya kwanza aliyoletewa ilikuwa na 345,600 peke yake, na chini yake maneno "kwa madai yote". Aliirudisha bila sahihi, akaambatisha hesabu ya siku 84.